Teknolojia darasani: maswali ambayo walimu huuliza mara kwa mara

Haya ni maswali yanayojirudia kwenye semina, kwenye ofisi za walimu na kwenye makundi ya WhatsApp ya masomo. Majibu yamelenga shule ya kawaida: darasa limejaa, umeme unakatika, bando ni la mwalimu mwenyewe, na kipindi ni dakika 40. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo anza na lile linalokuhusu.

## Kabla ya kununua chochote

Tumepata fedha kidogo za vifaa. Tuanze na kipi?

Anzeni na mada. Kaeni walimu wa somo, tajeni mada tatu ambazo wanafunzi wanakwama kila mwaka, kisha kwa kila mada andikeni sentensi moja: mwanafunzi atafanya nini ambacho leo hawezi kukifanya? Ataona seli ikijigawa? Atabadilisha kani na kuona mwendo unavyobadilika? Atasikia matamshi sahihi? Sentensi hiyo ikiandikika, kifaa kinachofaa hujitokeza chenyewe. Isipoandikika, fedha hizo zipelekwe kwenye vitabu.

Kwa shule nyingi za sekondari, seti ya kwanza yenye maana ni kompyuta mpakato moja, skrini moja kubwa, spika inayosikika hadi nyuma na ekstensheni imara. Maabara ya kompyuta inaweza kusubiri. Seti moja inayohama darasa hadi darasa huwafikia wanafunzi wengi zaidi kuliko chumba kinachofunguliwa mara moja kwa wiki.

Je, ni kweli teknolojia inaongeza ufaulu?

Kifaa peke yake hakiongezi. Peru iligawa kompyuta kwa watoto kwa wingi chini ya mpango wa kompyuta moja kwa kila mtoto, na tathmini iliyotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya Nchi za Amerika haikuona tofauti kwenye alama za hisabati na lugha kati ya shule zilizopata na zisizopata.

Mfano wa karibu zaidi ni Kisumu, nchini Kenya. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kundi moja la shule lilipewa vifaa vya kusomea kwa wanafunzi, kundi la pili vishikwambi kwa walimu, na la tatu vishikwambi kwa wasimamizi wanaotembelea madarasa. Yote yalikuwa ndani ya mpango wenye vitabu vizuri, mwongozo wa mwalimu na ufuatiliaji. Watoto walisoma vizuri zaidi katika makundi yote matatu, lakini vifaa havikuongeza jambo kubwa juu ya mpango wa msingi, na mpango wa msingi ulikuwa nafuu zaidi kwa kila shilingi iliyotumika.

Kwangu mimi, hilo linamaliza ubishi wa kama teknolojia ni nzuri au mbaya. Somo likiwa limepangwa vizuri, kifaa hulisaidia. Likiwa halijapangwa, kifaa hula muda wake. Kuhusu watoto wasio na mwalimu kabisa, tazama swali la Tanga huko mwisho.

Sijui kompyuta vizuri. Nianzie wapi bila kuaibika mbele ya wanafunzi?

Chagua kitendo kimoja na ukirudie muhula mzima, kwa mfano kuonyesha picha moja kubwa mwanzoni mwa kipindi. Fika darasani kabla ya kengele, unganisha waya, hakikisha sauti inatoka. Kuunganisha kukishakuwa jambo la mazoea, ongeza kitendo cha pili. Mwenye kujua kitu kimoja vizuri hufundisha kwa utulivu kuliko aliyehudhuria semina ya programu kumi.

## Umeme, vifaa na intaneti

Projekta au televisheni?

Kama madirisha ya darasa hayana mapazia, televisheni. Projekta inahitaji giza. Ile ya mwanga hafifu hufanya picha ipauke saa nne asubuhi, na taa yake ikiungua, bei ya taa mpya inaweza kuishtua kamati ya shule. Televisheni ya inchi 43 huonekana mchana, hutumia umeme kidogo, na fundi wake yupo kila mji. Udhaifu wake ni ukubwa: katika darasa la wanafunzi 80, wa nyuma hawatasoma maandishi madogo. Hapo dawa ni kuonyesha picha na maneno machache makubwa, na kusogeza madawati yawe nusu duara pale chumba kinaporuhusu.

Kipimo ni rahisi. Simama kwenye dawati la mwisho, kona iliyo mbali zaidi na skrini. Usiposoma wewe, mwanafunzi naye hasomi, na wengi hawatasema.

Betri ya sola itaendesha vifaa kwa muda gani?

Piga hesabu kabla fundi hajaja. Betri ya volti 12 yenye Ah (ampea-saa) 100 hubeba takriban wati-saa 1,200. Kama ni ya asidi, usiitumie zaidi ya nusu, maana itakufa mapema, kwa hiyo una wati-saa 600. Inveta nayo inapoteza kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo.

Projekta ya wati 250 na kompyuta ya wati 50 ni wati 300 kwa pamoja, yaani chini ya saa mbili. Televisheni ya wati 80 na kompyuta hiyohiyo ni wati 130, yaani karibu saa nne. Kwa betri ileile, chaguo la skrini limekuongezea vipindi vitatu.

Umeme wa gridi ukikatika katikati ya somo, usisimamishe darasa kuusubiri. Andalio la somo liwe na njia ya ubao tangu mwanzo, na mchoro muhimu uwe umeshachorwa kwenye manila.

Hatuna intaneti shuleni. Tunaweza kufanya nini?

Mengi sana, na pengine kwa utulivu zaidi kuliko wenye intaneti.

Kolibri ni programu ya bure inayogeuza kompyuta moja kuwa maktaba: unapakua masomo, video na mazoezi ukiwa mjini, kisha shuleni wanafunzi wanaunganishwa kwa Wi-Fi ya ndani isiyohitaji bando. Ruta ya kawaida ya nyumbani inatosha kwa kuanzia, ila hulemewa vifaa vikizidi ishirini au thelathini. Kiwix hubeba Wikipedia nzima, pamoja na ile ya Kiswahili, na kuisoma bila mtandao. Kwa sayansi na hisabati kuna PhET, majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Majaribio yake mengi hupakuliwa yakakaa kwenye flashi, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili.

Tanzania, Taasisi ya Elimu inayo Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada. Kenya, taasisi ya mitaala inayo Kenya Education Cloud. Mwalimu mmoja akipakua mara moja na kuwagawia wenzake kwa flashi, shule nzima imeokoa bando. Flashi hiyo ichunguzwe virusi kila inaporudi kutoka stationery.

Nilipewa kishikwambi cha serikali. Nikitumieje zaidi ya kusomea WhatsApp?

Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu nchini Tanzania, na bado ni chombo kizuri. Weka humo vitabu vya kiada vya somo lako, mitihani iliyopita, alama za wanafunzi na maandalio. Ukisahihisha, piga picha majibu matatu yenye kosa linalojirudia, ukifunika majina. Kesho yake, darasa lijadili kosa hilo kwa dakika tano. Hutahitaji bando wala projekta: andika tu jibu hilo ubaoni.

Tumepewa kompyuta za msaada zilizotumika. Tuzipokee?

Ulizeni kwanza umri, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), hali ya betri, na nani atalipia usafiri. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali toleo linalofuata. Linux nyepesi kama Lubuntu, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, huzipa maisha mapya, na Kolibri inafanya kazi humo. Kompyuta isiyowaka mkataeni anayetaka kuileta, kwa heshima, kwa sababu mwisho wake ni stoo.

## Ndani ya kipindi

Naomba mfano wa kipindi kimoja, hatua kwa hatua.

Fizikia, saketi za umeme: balbu kwa mfululizo na balbu sambamba. Una kompyuta moja, skrini moja na jaribio la saketi la PhET lililo kwenye flashi.

Onyesha betri moja na balbu moja inayowaka. Sema: "Naongeza balbu ya pili kwa mfululizo. Mwanga wa ile ya kwanza utaongezeka, utapungua, au utabaki vilevile?" Usibonyeze bado. Kila mwanafunzi aandike jibu na sababu kwenye daftari, dakika mbili. Kisha ageukie jirani yake wabishane, dakika tatu. Hapo darasa linachangamka, na wewe unapita ukisikiliza. Utawasikia wanaosema balbu ya kwanza "inakula" umeme na kumwachia ya pili makombo. Hilo ndilo kosa unalolitafuta, na kwa kufundisha ubaoni tu lingekaa kimya hadi mtihani wa taifa.

Sasa ongeza balbu. Zote mbili zinafifia sawasawa, na dhana ya makombo imepata jibu lake. Rudia kwa balbu sambamba: wakisie, wabishane, waone. Safari hii mwanga haubadiliki. Mwishoni ng'oa balbu moja katika kila saketi, na uwaulize nyumba zao zimeunganishwa kwa njia ipi, na wamejuaje.

Kama maabara ina betri na balbu halisi, rudia jaribio kwa vitu halisi. Betri iliyochoka itafanya balbu sambamba zififie kidogo, tofauti na skrini. Usiifiche tofauti hiyo. Waulize imetoka wapi, na umewafungulia mlango wa ukinzani wa ndani wa betri.

Skrini imetumika kwa dakika chache tu. Muda mwingi wanafunzi walikuwa wanaandika, wanabishana na kutetea majibu yao.

Kuunganisha projekta kunamaliza robo ya kipindi. Nifanyeje?

Wafundishe wanafunzi wawili wa kila mkondo kuwa mafundi wa darasa. Wao wachukue vifaa ofisini, waunganishe na warudishe kwa saini. Waya ukae ndani ya begi moja na kompyuta. Mwombe mwalimu wa taaluma akupe vipindi viwili mfululizo kwa mada nzito, maana kuunganisha kunachukua muda uleule iwe una dakika 40 au 80.

Kuna ubaya gani wanafunzi wakinakili slaidi?

Slaidi iliyojaa maandishi ni ubao uliohamia ukutani, na ni mbaya zaidi kwa sababu inapita haraka. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametafiti jambo hili kwa miaka mingi: watu hujifunza vizuri zaidi kwa picha pamoja na maelezo ya mdomo kuliko kwa picha, maelezo na maandishi yaleyale vikija kwa pamoja. Kwa hiyo weka mchoro kwenye skrini, eleza kwa mdomo, na notisi zitoke kwenye kitabu au ubaoni baada ya maelezo.

Darasa lina wanafunzi 80. Nitajuaje kama wameelewa?

Kila mwanafunzi awe na karatasi yenye A, B, C na D, herufi moja kwenye kila robo ya karatasi iliyokunjwa sehemu nne. Unauliza swali la kuchagua, unahesabu moja hadi tatu, wote wanainua kwa pamoja. Kwa mtazamo mmoja umejua kama uendelee au urudie. Kama shule ina intaneti na kundi halizidi wanafunzi 63, Plickers hufanya kazi hiyohiyo kwa kadi zilizochapishwa na simu moja ya mwalimu inayosoma kadi zote kwa kamera na kutunza jibu la kila mmoja. Karatasi za kawaida zinatosha. Kazi kubwa ni kutunga swali ambalo majibu yake ya uongo yanavutia kwa sababu wanafunzi wanayaamini kweli.

Video nyingi ni za Kiingereza cha Marekani, na wanafunzi hawafuati.

Zima sauti, simulia mwenyewe. Tazama video nyumbani mara mbili, chagua dakika mbili au tatu zenye mwendo unaohitajika, na uweke alama mahali pa kusimamisha. Simamisha, uliza "nini kitafuata?", endelea. Katika sekondari za Tanzania ambako somo linafundishwa kwa Kiingereza, simulia kwa Kiingereza chepesi, kisha sentensi muhimu irudiwe na wanafunzi wenyewe. Ukitaka maudhui yaliyotengenezwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, kwa shule ya msingi angalia Ubongo Kids, kipindi kilichoanza kurushwa nchini Tanzania mwaka 2014.

Simu ya mwalimu inaweza kutumika kama kifaa cha kufundishia?

Ndiyo, na ni kifaa kinachodharauliwa kuliko vyote. Chukua stendi ya maabara, ile ya kushikilia bomba la jaribio, ibane simu ikitazama chini, weka daftari la mwanafunzi chini yake. Simu ya Android ikiunganishwa na kompyuta kwa waya wa USB kupitia programu ya bure iitwayo scrcpy, kila inachoona kamera kinatokea kwenye skrini kubwa, bila intaneti. Mwanafunzi anakokotoa kwenye daftari lake, darasa zima linafuata kalamu yake.

Kwa biolojia, weka kamera ya simu juu ya lenzi ya macho ya hadubini, usogeze taratibu hadi duara la mwanga lijae. Ngozi ya kitunguu iliyotiwa tone la iodini inaonekana na wote kwa pamoja, badala ya foleni ya wanafunzi 80 wanaochungulia sekunde tano kila mmoja bila wewe kujua wameona nini.

Ila weka simu kwenye hali ya ndege kabla ya kuunganisha. Ujumbe wako binafsi hautakiwi kutokea mbele ya kidato cha pili.

Maabara ina kompyuta 15, wanafunzi ni 60. Tugawane vipi?

Gawa darasa mara mbili. Thelathini wakae kwenye kompyuta wawiliwawili, thelathini wengine wafanye kazi ya maandishi inayohusu jambo hilohilo, kisha wabadilishane. Kwenye kompyuta, mmoja ashike kipanya, mwingine aelekeze na kuandika matokeo, na wabadilishane kila baada ya dakika kumi kwa kengele yako. Bila kengele, kipanya kitabaki kwa aliyezoea kompyuta nyumbani, na mara nyingi wasichana hubaki watazamaji. Lisimamie hilo kwa macho yako.

## Simu za wanafunzi na akili mnemba

Turuhusu wanafunzi waje na simu?

Kwa shule nyingi zetu kanuni inakataza, na sioni haja ya kuipigania. Mwenye simu nzuri atajifunza, asiye nayo ataaibika, na mwalimu atageuka askari. Kazi ya nyumbani inayohitaji simu nayo isiwe ya lazima: toa njia ya karatasi yenye alama zilezile.

Wanafunzi wanaleta insha zilizoandikwa na akili mnemba. Tufanye nini?

Programu za kutambua maandishi ya mashine hukosea, kwa hiyo usimwadhibu mtoto kwa ushahidi huo pekee. Hamishia uandishi darasani: rasimu ya kwanza iandikwe kwa mkono mbele yako, nyumbani aiboreshe, na siku ya kukabidhi umuulize maswali mawili kuhusu hoja zake. Aliyeandika mwenyewe atajibu.

Naweza kutumia akili mnemba kuandaa somo?

Inafaa kwa kutunga maswali mengi ya mazoezi, kurahisisha kifungu kigumu na kupendekeza mifano. Kila kitu ukipitie wewe. Mashine hizi hukosea hesabu, hubuni marejeo, na Kiswahili chake mara nyingine kina upatanisho wa ngeli uliovurugika, jambo ambalo mtoto atalinakili akidhani ni sahihi. Usiingize majina wala alama za wanafunzi humo. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

## Faragha na sheria

Nikiweka picha za wanafunzi mtandaoni kuna tatizo?

Lipo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya inayo ya mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi milioni 4.55 kwa kuweka picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Omba ridhaa ya maandishi mwanzoni mwa mwaka, na mzazi anayekataa aheshimiwe bila mtoto kutengwa. Picha ya mikono ikifanya jaribio inaeleza kazi ya darasa vizuri, na haimtambulishi mtoto.

Na orodha ya matokeo kwenye kundi la wazazi?

Mtumie kila mzazi ya mtoto wake. Kundi litumike kwa tarehe, michango na matangazo.

## Hali za pekee

Nina mwanafunzi asiyeona darasani.

NVDA ni programu ya bure ya kusoma skrini, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Mwaustralia Michael Curran, kisha akaungana naye James Teh, wote wasioona. Inasoma Kiswahili, ingawa sauti yake ni ya kimashine na inahitaji kuzoewa. Kwenye simu za Android kuna TalkBack. Mpe maandishi halisi ya kompyuta, kwa sababu picha ya ukurasa wa kitabu haisomeki kirahisi. Unapoonyesha kitu kwenye skrini, kiseme: "mstari unapanda kutoka sifuri hadi ishirini", badala ya "mnaona hapa". Usemaji huo huwasaidia pia walioko nyuma.

Watoto wanaweza kujifunza kwa kishikwambi bila mwalimu?

Hilo lilijaribiwa mkoani Tanga, katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 hivi, wengi wao hawajawahi kwenda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili na vituo vya kuchajia kwa sola. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilishuka kwa karibu nusu. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa mwaka 2019, na programu za washiriki wa fainali zimewekwa wazi kwa yeyote kuzitumia.

Ni hatua kubwa kwa mtoto asiye na shule. Kwa mtoto mwenye shule, programu hizo ni mazoezi mazuri ya kusoma na kuhesabu huku mwalimu akishughulika na kundi jingine.

Tuna chekechea zisizo na umeme kabisa.

Fikirieni redio. Zanzibar ilifundisha watoto wadogo kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze, ambapo sauti inaelekeza nyimbo, michezo na maswali, kisha inanyamaza ili watoto wajibu. Redio ya betri au flashi iliyorekodiwa inatosha, pamoja na mlezi aliyeelekezwa cha kufanya kila sauti inaponyamaza.

Mimi ndiye ninayeviendesha vifaa, na nimepata uhamisho.

Kabla hujaondoka, fungua daftari la vifaa lenye namba ya kila kifaa, nenosiri, tarehe ya matengenezo na jina la fundi, likabidhiwe kwa mkuu wa shule. Akaunti zote zitoke kwenye barua pepe yako binafsi ziende kwenye ya shule. Nakala ya masomo yote iachwe kwenye diski mbili, moja ofisini na nyingine kwa mwalimu wa taaluma. Kisha mwalimu anayebaki aunganishe, afundishe na kufunga vifaa akiwa peke yake, wewe ukiwa umekaa dawati la nyuma bila kugusa kitu.